Bustani na Wasomaji: ʻIlima ya ufukweni haitaki kudekezwa

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa aya moja tu, mimea ya asili ya Hawaii inayoweza kufunika ardhi mahali pa nyasi. Barua zilizofika tangu wakati huo, nyingi kutoka kwa wasomaji wetu wanaoishi katika visiwa hivyo na moja kutoka Tanga, zimeuliza karibu zote kuhusu mmea mmoja, ʻilima. Kwa hiyo safu ya leo nimeuachia mmea huo peke yake.

Kabla ya kuzifungua barua, yapo mambo mawili ya lugha ambayo yatamsaidia msomaji akifika dukani. Alama ndogo iliyo mwanzoni mwa jina si pambo, bali ni konsonanti kamili ya Kihawaii, ule mkato wa koo ambao waliopita madrasa wanaujua kwa jina la hamza. Na neno papa, ambalo huandikwa baada ya jina katika vibao vya vitalu, halihusiani hata kidogo na samaki wetu. Kwa Kihawaii maana yake ni bapa au tambarare, na ʻilima papa ni ile inayolala chini.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi na mume wangu tumehamia Kapolei, kisiwani Oʻahu. Ardhi iliyobaki mbele ya nyumba ni vumbi na mawe ya matumbawe, na jua la huku halina mchezo. Jirani yetu, ambaye ni Mhawaii, ametushauri tuachane na nyasi tupande ʻilima. Je, kweli itafunika ardhi, au ni kichaka cha kwenda juu? Na tuipande vipi? (Mama wa watoto wawili, Kapolei)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jirani yako anaijua ardhi yake, nawe msikilize. Uwanda wote wa upande huo wa Oʻahu ni mwamba wa matumbawe ya kale ulioinuka kutoka baharini, na mvua yake kwa mwaka mara nyingi haifiki milimita 500, ambayo kwa nyasi ni njaa lakini kwa ʻilima ya ufukweni ni nyumbani.

Mmea huu, ambao wataalamu huuita Sida fallax, ni wa ukoo mmoja na bamia, pamba na haibiskasi. Ukilitazama ua lake kwa karibu utaukubali undugu huo mara moja, kwa kuwa lina petali tano za manjano au za rangi ya chungwa, na katikati kimnara kidogo cha chavua, ila ua zima halizidi upana wa sentimita mbili na nusu hivi. Si mali ya Hawaii peke yake, kwani unaota pia katika visiwa vingine vya Pasifiki, na watu wa Kiribati, ambao nao hulivaa ua lake, huuita te kaura. Huko Hawaii unapatikana tangu mchangani, mahali panaporushiwa chumvi na mawimbi, hadi kwenye miteremko ya milima yenye kimo cha mita 2,000 hivi, na kwa sababu ya upana huo wa makazi umbo lake hubadilika sana. Ule wa mlimani na wa nyikani husimama wima, ukafika mita moja au zaidi. Ule wa pwani hutambaa, ukabaki na kimo cha sentimita 15 hadi 30 huku matawi yake yakienea mita moja au zaidi kwa upana. Tofauti hiyo haitokani na upepo wa bahari pekee, bali imo katika uzao wa mmea wenyewe, ndiyo maana ʻilima ya ufukweni hubaki chini hata ukiihamishia kwenye bustani tulivu. Basi ukifika kwenye kitalu usiombe ʻilima tu. Omba ʻilima papa, na ikiwezekana uoneshwe mmea mama.

Chagua mahali panapopata jua kutwa. Kivuli cha nusu siku hakiui, lakini matawi hurefuka ovyo na maua hupungua. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya chungu na kina kilekile cha chungu, kisha rudisha udongo uleule uliouchimba. Najua wengi hupenda kujaza shimo kwa mboji wakidhani wanaupa mmea zawadi, lakini mizizi ikikuta mfuko laini wenye chakula tele katikati ya mawe haitoki humo, nao mmea hubaki tegemezi mwaka baada ya mwaka. Achanisha miche kwa sentimita 60 hadi 90. Mwanzoni utaona nafasi ni kubwa mno na majirani watadhani umeishiwa fedha, lakini usiongeze miche. Baada ya mwaka mmoja hivi, kama jua lipo, matawi yatakuwa yamekutana.

Wakati mzuri kwenu ni Novemba, mvua za majira ya baridi zinapoanza, ili mizizi iwahi kushuka kabla ya joto la Juni. Katika wiki za kwanza mwagilia maji mengi kila baada ya siku mbili au tatu, halafu punguza hadi mara moja kwa wiki, na miezi mitatu ikipita mwagilia tu pale kiangazi kinapokaza. Angalia hata hivyo usije ukaukausha kabisa, kwa sababu ʻilima iliyonyimwa maji kwa muda mrefu haifi upesi, bali huangusha majani, ikaacha kutoa maua, ikabaki fagio. Kama nyumba mliyohamia ina mitambo ya kunyunyizia nyasi inayojiwasha yenyewe kila alfajiri, itengeni na upande wa ʻilima. Mbolea ni kidogo sana, nusu ya kipimo kilichoandikwa mfukoni, mara mbili kwa mwaka, tena ile inayoyeyuka polepole.

Kuhusu matandazo, mimi hupendelea kokoto za volkeno au changarawe nene kuliko vipande vya mbao, kwa kuwa hazishiki unyevu shinani. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2013 Oʻahu inapambana na mbawakawa mwenye pembe anayeangamiza minazi, ndugu wa yule anayewasumbua wakulima wa nazi wa pwani yetu, na mayai yake husafiri ndani ya mboji na takataka za miti. Usikubali kupewa lundo la mboji ambalo hujui limetoka wapi, na usihamishe lako kwenda mtaa mwingine kabla ya kuuliza masharti yaliyowekwa.

SWALI: Ndugu mwandishi, nina ʻilima tatu nilizozipanda kando ya ukuta wa nyumba hapa Hilo. Majani yamegeuka manjano, mashina yamekuwa meusi karibu na udongo, na moja imeshalala. Nazimwagilia kila jioni pamoja na sukuma wiki wangu. Nimekosea wapi? (Msomaji wa Hilo)

JIBU: Umekosea palepale nilipokosea mimi, kwa hiyo sitakuwa na ukali. Naishi bonde la Mānoa, nyuma ya Honolulu, ambako mvua huja hata jua likiwa limewaka, na ʻilima zangu nne za kwanza nilizizika mwenyewe kwa ndoo ya kumwagilia. Mji wa Hilo hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, mara sita au zaidi ya wanazopata Kapolei. Ukiongeza maji ya jioni juu ya hizo, tena kando ya ukuta mahali ambapo hewa haipiti na majani hulala yakiwa yameloa, unaukaribisha ukungu na mizizi inaoza.

Ng'oa ile iliyolala na utazame mizizi. Ikiwa ya kahawia, laini na yenye harufu mbaya, itupe, wala usiipande nyingine shimo lilelile. Hizo mbili zilizosimama zikate ncha za matawi ambayo bado ni mabichi na yenye afya, kisha uoteshe vipandikizi kwa namna nitakayoieleza kwa msomaji anayefuata. Vikishika, inua tuta la kokoto za volkeno zilizochanganywa na udongo kidogo, lenye kimo cha sentimita 40 au 50, mahali penye jua na upepo, nawe usimwagilie isipokuwa katika zile siku chache ambazo hata Hilo husahau kunyesha. Sukuma wiki endelea nayo, ila isiwe jirani yake.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nilipokwenda matembezi Kaʻena mwaka jana niliokota mbegu za ʻilima zipatazo 40 nikazipanda kwenye trei. Zimeota tatu tu. Tena mbili kati ya hizo tatu zimesimama wima kama bamia, ingawa mimea niliyoitoa mbegu ilikuwa imelala mchangani. Rafiki yangu ananiambia nilichotwa na mbegu mbovu. (Mwanafunzi, Honolulu)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile ambalo hukuliuliza. Ncha ya Kaʻena ni hifadhi ya asili, na ni marufuku kuchukua mmea au sehemu yoyote ya mmea humo. Mwaka 2011 ilikamilishwa huko uzio maalumu wa kuzuia panya, nguchiro, paka na mbwa, kwa sababu albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, hutaga chini kabisa na panya walikuwa hawaachi yai wala kinda, na panya haohao hula pia mbegu za mimea ya pwani. Mbegu 40 mfukoni mwa mtu mmoja zinaonekana si kitu, lakini wapita njia ni wengi. ʻIlima zenye majani ya fedha zinazotokana na uzao wa Kaʻena huuzwa katika vitalu vya mimea ya asili, na wenye bustani aghalabu hawana uchoyo wa mbegu. Mara nyingine omba huko.

Sasa mbegu. Sidhani kama zilikuwa mbovu, zilikuwa zimefungwa. Tunda la ʻilima likikauka hupasuka vipande vidogo, na kila kipande kina mbegu moja yenye ganda gumu ambalo maji hayalipenyi kwa urahisi. Kwa mmea wa nchi kavu hiyo ni hekima, kwani mbegu zikiota zote kwa mvua moja ya kubahatisha zitakufa zote kwa kiangazi kitakachofuata. Mkulima wa trei, ambaye hana subira ya nyika, inambidi alifungue ganda mwenyewe. Subiri tunda liwe la kahawia na liachane lenyewe ukilifikicha kwa vidole. Mimina mbegu katika bakuli la maji, utupe zinazoelea kwa kuwa nyingi huwa tupu. Zilizozama zikwaruze kidogo kwa msasa, au uzikate ncha ya ganda kwa kikata kucha bila kuigusa sehemu laini ya ndani. Kama ni nyingi mno kwa kazi hiyo, zimiminie maji ya moto ambayo hayachemki na uziache humo usiku kucha. Zile utakazoona zimevimba asubuhi ziko tayari. Zifukie kwa nusu sentimita tu katika mchanganyiko unaopitisha maji, na nyingi zitachomoza ndani ya wiki mbili hadi nne, ingawa zipo zitakazokaa miezi. Trei yako uliyoikatia tamaa usiimwage bado.

Kuhusu hizo zilizosimama wima, ua la ʻilima hutembelewa na nyuki, na nyuki haulizi kama chavua aliyoibeba imetoka kwenye mmea uliolala au uliosimama. Watoto wa mbegu wanaweza kufuata upande wowote, hasa mijini ambako ʻilima za kila asili zimepandwa bega kwa bega. Anayetaka mmea ulale kama mama yake basi atumie vipandikizi. Kata ncha ya tawi yenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, isiyo laini sana wala isiyokuwa mti mkavu. Ondoa majani ya chini na, hapa ndipo wengi huteleza, ondoa kila ua na kila chipukizi la ua, kwa sababu kipandikizi kinachochanua kinatumia nguvu ambazo kingezitumia kuotesha mizizi. Chovya mwisho wake katika unga wa homoni ya mizizi, usimike katika perlaiti iliyochanganywa na vemikulaiti, yaani punje nyepesi za madini zinazotumika badala ya udongo, uweke kivulini mahali penye mwanga, na udumishe unyevu bila kulowesha. Baada ya wiki nne hadi sita, ukikivuta polepole kikakataa kutoka, ujue kimeshika. Kizoeshe jua kidogo kidogo kabla ya kukipeleka bustanini.

Vipandikizi vina faida nyingine ambayo watu huigundua kwa kuchelewa. ʻIlima si mmea wa kurithisha wajukuu. Baada ya miaka michache katikati yake hubaki vijiti vitupu na majani huhamia pembeni. Kupogolea theluthi moja ya matawi baada ya msimu wa maua huurudishia ujana kwa muda, lakini usiukate hadi kwenye mti mkavu usio na jani hata moja, maana mara nyingi hauchipui tena. Mtunzaji mzuri huwa na vipandikizi vichache kando kila mwaka, ili mkongwe akichoka mrithi awepo.

SWALI: Bibi, kila nikiamka nakuta majani ya ʻilima zangu changa yamebaki mishipa mitupu kama kimia, lakini mdudu simwoni. Nimeshanunua dawa ya kunyunyizia. Ninyunyize saa ngapi? (Baba Fatuma, Waipahu)

JIBU: Usinyunyize kwanza, Baba Fatuma. Toka na tochi nusu saa hadi saa moja baada ya jua kuzama, nawe utamkuta mwizi wako mezani. Ni mbawakawa wa kahawia mwenye urefu wa sentimita moja na zaidi kidogo, ambaye mchana hujificha ardhini na chini ya majani makavu, na usiku hula nyama ya jani akaacha mishipa. Hula pia waridi, maharage, biringani na mimea mingine mingi, kwa hiyo pengine amekufuata kutoka bustani ya mboga.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii waligundua kwamba mbawakawa huyu hapendi kula penye mwanga. Taa ndogo ya jua iliyoelekezwa kwenye mche, ikawaka kuanzia magharibi hadi saa tatu usiku, hupunguza hasara kwa kiasi kikubwa. Taa hiyo ielekee chini na iwe na kifuniko, hasa kati ya Septemba na Desemba, kwa sababu katika miezi hiyo makinda ya ndege wa baharini hutoka mashimoni mwao kuelekea baharini kwa mara ya kwanza, na taa za nchi kavu huwapoteza wakaanguka barabarani. Miche michanga sana ifunike kwa wavu jioni. Mmea uliokwisha kujaa hustahimili kutobolewa, nawe utajifunza kustahimili kuutazama.

Sababu yangu ya kukataa dawa ni nyuki. Simaanishi nyuki wa asali, ambaye ni mgeni Hawaii, bali nyuki wadogo weusi wa jenasi ya Hylaeus, wanaoishi mmoja mmoja bila mzinga. Mwaka 2016 aina saba za nyuki hao ziliingizwa katika orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka, nao walikuwa nyuki wa kwanza kabisa kuingia humo. Mmojawapo, Hylaeus anthracinus, anaishi pwani na ameonekana akitembelea maua ya ʻilima. Sisemi kwamba yumo bustanini mwako Waipahu, lakini dawa inayomwua mbawakawa haibagui, na mmea huu huchanua kila siku.

Vidukari, vidung'ata na inzi weupe nao watakuja. Waondoe kwa maji ya mpira yenye kasi asubuhi, na wakirudi tumia maji ya sabuni hafifu chini ya majani. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka shinani, shughulika na hao kwanza, kwani ndio wachungaji wa vidukari.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mzaliwa wa Lamu na naishi Oʻahu mwaka wa kumi na moja sasa. Binti yangu anamaliza sekondari mwezi wa Mei mwakani, na nataka kumvika koja la ʻilima nililolitunga kwa mikono yangu, kama mama zetu walivyotunga asumini. Nina miche sita ya ʻilima papa. Itatosha? (Mama Swafiya, Kāneʻohe)

JIBU: Marahaba, na hongera ya mapema kwa binti. Miche sita haitatosha, mwanangu, na ni bora uyasikie hayo sasa kuliko alfajiri ya siku yenyewe.

Ua la ʻilima ni jembamba kama karatasi ya kufungia peremende, na halidumu zaidi ya siku moja. Tofauti na asumini ambayo huikalisha kikonyo kwa kikonyo, ua la ʻilima hutobolewa katikati na kulazwa bapa juu ya jingine, moja baada ya moja, hadi zishikamane kama kamba nene ya mahameli. Kwa uzi wa kawaida wa shingoni huhitajika maua mia tano, na koja lililojaa hufika elfu moja. Tuseme mche wako mmoja uliokomaa unakupa maua ishirini kwa asubuhi moja. Itakubidi uwe na miche isiyopungua 25 kwa ule uzi mdogo kabisa, nayo yote iwe imeamka vizuri siku hiyohiyo. Ndiyo maana koja hili likahusishwa na machifu wa Hawaii, kwani aliyelivaa alikuwa amevaa kazi ya watu wengi ya tangu usiku. Mwaka 1923 baraza la kutunga sheria la Hawaii, wakati huo ikiwa bado eneo tu la Marekani na si jimbo, liliteua ua au kitu cha kutungia koja kwa kila kisiwa, na Oʻahu ikapewa ʻilima. Ua la jimbo zima, lililothibitishwa mwaka 1988, ni haibiskasi ya manjano ya huko, kwa hiyo ukoo wa bamia umepata heshima mbili nyumba moja.

Kwa ajili ya makoja watunzaji hupanda ʻilima iliyosimama wima, ambayo maua yake ni makubwa na huchumwa bila kuinama. Ya kutambaa huyatoa madogo, tena chini ya majani, na mgongo wako utalalamika. Ushauri wangu ni kwamba kama una mahali penye jua, otesha sasa vipandikizi vya ʻilima ya wima, uviweke safu mbili au tatu nyuma ya hiyo papa. Mnamo Januari vipogolee kidogo ili vitoe matawi mengi, maana maua hutoka kwenye matawi machanga. Siku ikifika, chuma kabla jua halijachomoza, maua yakiwa bado hayajafunguka, uyaweke katika chombo chenye ubaridi, na utunge kwa sindano ndefu nyembamba bila kuyabana. Yatafunguka uzini. Koja livaliwe siku hiyohiyo, lisilowe wala lisiwekwe ndani ya gari lililofungwa.

Na kama maua yatakuwa machache, usifute ahadi. Tunga utepe mfupi wa kichwani, ambao hutaka maua machache zaidi, kisha shingoni umvike koja la maua mengine. Kwa hesabu ya miche sita, mimi ningekwenda njia hiyo, na asumini ya Lamu ningeichanganya humo bila kumwomba mtu radhi.

SWALI: Nimesikia kwamba Wahawaii huwapa watoto wachanga maua ya ʻilima. Je, nimpe mwanangu wa miezi mitano mwenye tumbo gumu? (Msomaji, ʻEwa Beach)

JIBU: Ni kweli kwamba katika uganga wa jadi wa Hawaii maua haya yalitumika kulainisha tumbo la mtoto mchanga. Waliofanya hivyo walikuwa wanajua kipimo na walikuwa na mtoto mikononi, nami sina hata kimoja. Mpeleke kwa daktari wa watoto, na maua yaliyonyunyiziwa dawa yasiguse kinywa cha mtu yeyote.

SWALI: Ndugu mwandishi, nina kiwanja kidogo karibu na bahari, Tanga. Nimevutiwa na ʻilima na nina shemeji anayekuja kutoka Honolulu mwezi wa Desemba. Aniletee mbegu kiasi gani? (Msomaji wa Tanga)

JIBU: Asilete hata moja, ndugu yangu, nami nitakueleza kwa nini. Kisheria, mbegu haziingii Tanzania mfukoni mwa shemeji. Hutakiwa kwanza kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Hayo yanawezekana kwa mwenye subira. Hata hivyo hata kwa kibali mkononi ningekusihi uache. Mimea ya jenasi hiyo ya Sida unayo tayari mashambani, ile migumu ya maua ya manjano inayofungwa kuwa mafagio, na kila anayelima anajua inavyong'ang'ania. Ukoo wake ni ukoo wa pamba na bamia, nayo hubeba magonjwa na wadudu wanaohamia huko. Hawaii yenyewe ni shahidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya taabu za mimea yake ya asili zimetokana na mimea na wadudu walioletwa kwa nia njema.

Bahati yako ni kwamba bahari imeshakufanyia kazi ya kuleta. Wahawaii wana mmea wa mchangani wanaouita pōhuehue, wenye majani yaliyogawanyika kama kwato za mbuzi na maua ya zambarau yanayofanana na ya viazi vitamu. Mmea huohuo, kwa maana ya aina ileile moja, unatambaa kwenye fukwe za Tanga, kwani mbegu zake huelea baharini. Wana pia kichaka cha naupaka, chenye maua meupe yanayoonekana kama yamekatwa nusu, nacho kinaota pwani za Bahari ya Hindi ikiwemo Afrika Mashariki.

Kwa kiwanja chako ningeanza na huyo mtambaa, pōhuehue. Omba kwa jirani mwenye ufukwe wake, using'oe kwenye matuta ya mchanga ya umma ambayo mizizi yake ndiyo inayoyashikilia. Kata kamba yenye urefu wa sentimita 40 hivi na vifundo vitatu au vinne, fukia vifundo viwili kwenye mchanga uliolowa, acha ncha nje, na uelekeze ncha hiyo kule unakotaka mmea uende. Fanya hivyo masika yanapoanza, mwezi wa Machi, na mwagilia kwa wiki mbili tu kama mvua imechelewa.